Mwanamke wa Ghorofani

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, na nilikuwa mwanagenzi. Kabla ya hapo nilikaa miaka tisa kwenye dawati la mapokezi la ofisi ya mawakili pale Braamfontein, nikipokea simu na kuwapa wateja chai, mpaka ofisi ikafungwa. Rafiki yangu wa kanisani akaniambia nina sauti ya kuuza nyumba. Nilicheka, kisha wiki iliyofuata nikaenda kuuliza.

Johannesburg huuzi nyumba ya mtu kwa kuwa na mdomo tu. Unajiandikisha kwenye bodi ya mawakala wa nyumba, unafanya kazi mwaka mzima chini ya wakala mwenye cheti, unasoma kozi, na kila unachofanya unakiandika kwenye daftari la kazi ambalo yeye anatia sahihi. Halafu unafanya mtihani. Kabla ya hapo huruhusiwi hata kumjazia mteja mkataba. Bosi wangu alikuwa mama wa Kitswana mwenye ofisi ndogo Midrand, kati ya daktari wa meno na duka la mapazia. Hakuwa na maneno mengi. Daftari langu alilisoma mstari kwa mstari, na pale nilipoandika "nadhani" alipiga kalamu nyekundu.

Mwezi wa nane alinikabidhi nyumba ya kufungua kila Jumapili, saa nane mchana mpaka kumi na moja. Ilikuwa ya ghorofa, ndani ya esteti yenye ukuta mrefu na geti moja. Mwenyewe alikuwa mwanamume aliyeishi Durban. Nyumba aliirithi kwa mama yake, aliyefariki mwaka uliotangulia. Alituambia ni tupu, na ilikuwa tupu. Nilisimika kibao changu chenye mshale kwenye roboti, kama wanavyoita kule taa za kuongozea magari, ya barabara kuu, nikafungua madirisha, nikaweka kitabu cha wageni juu ya kaunta ya jikoni na kukalia kiti cha plastiki nilichokuja nacho. Nje nyasi zilikuwa zimekauka, na upepo ulileta harufu ya moshi kutoka mahali palipokuwa panaungua mbali.

Jumapili ya kwanza walikuja mume na mke vijana. Bosi alinifundisha kuwaacha wateja wapande peke yao ili waongee kwa uhuru, kwa hiyo nilibaki jikoni. Niliwasikia wakitembea juu, wakizungumza, wakinyamaza kama watu wanaosikiliza. Waliposhuka yule mume akasema, "Mshukuru na yule mama wa juu. Ametueleza vizuri."

Nilidhani amechanganya maneno. Walipoondoka nilipanda. Vyumba vitatu, zulia lenye alama za miguu ya kitanda kilichokwisha kuondolewa, kabati wazi. Nikajiambia labda kulikuwa na mteja mwingine aliyepita nyuma yangu, akatoka bila kuaga.

Jumapili ya pili alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akitafuta nyumba ya binti yake. Alikaa juu karibu nusu saa. Aliposhuka alishika kofia yake mkononi.

"Mwambie mama yako apumzike," alisema. "Anaonekana amechoka."

"Mama yangu yuko Kigoma, mzee. Mbali sana."

"Basi yule aliyeko chumba cha nyuma. Ameniambia tanki la maji moto ni jipya, na dirisha la bafuni hukwama mvua ikinyesha."

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa nne. Nilimsindikiza yule mzee mpaka kwenye gari lake, nikabaki uani. Sikurudi ndani mpaka nilipolazimika kwenda kufunga madirisha. Yale ya juu niliyafunga mbiombio, bila kugeuza kichwa kuelekea chumba cha nyuma. Nilipofika nyumbani nilimpigia simu mwenye nyumba, nikamuuliza kuhusu dirisha la bafuni.

"Hukwama, ndiyo," alisema. "Nani kakwambia?"

"Mteja."

Akasema ana kazi, akakata.

Jumapili ya tatu nilisimama getini kwanza. Mlinzi alikuwa Mkongo wa Uvira, na kwa sababu ya Kiswahili tulikuwa tukisalimiana kwa kirefu. Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine mwenye ufunguo wa nyumba ile. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi.

"Mama, mu buku yangu iko mwanamuke mumoja aliingia, anaenda ile nyumba," alisema. "Mwezi wa tano. Kutoka, hakutoka."

"Papa, una hakika?"

"Miye naandika kila mutu."

Alimwachia mwenzake geti, tukaenda wote. Tulianza juu. Hapakuwa na mtu. Tukashuka gereji, na nyuma yake kulikuwa na mlango mdogo ambao kwenye ramani umeandikwa stoo. Tangu siku ya kwanza niliukuta umefungwa, na ufunguo wake sikupewa. Mlinzi aligonga. Ufunguo ukazunguka kutoka ndani.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, amevaa kofia ya sufu. Nyuma yake niliona godoro, jiko dogo la gesi, mifuko ya unga, beseni na Biblia. Hakushtuka.

"Mnaniondoa leo?" aliuliza.

Alikuwa dada mkubwa wa mwenye nyumba. Ndiye aliyemuuguza mama yao humo ndani kwa miaka minne. Baada ya mazishi mdogo wake alimwambia nyumba inauzwa, naye akamjibu atakwenda kwa ndugu zao Mahikeng. Huko hawakuwa na nafasi. Akarudi na ufunguo aliokuwa nao.

"Ausi," nilimwambia, kama tunavyowaita dada wakubwa kule, "ni wewe unayeongea na wateja wangu juu?"

Alinitazama, kisha akamtazama mlinzi.

"Juu sipandi," alisema. "Tangu siku tuliyomshusha mama sijakanyaga ngazi ile. Maji nachota bomba la uani."

Nilimweleza waliyosema wateja: chumba cha nyuma, tanki la maji, dirisha. Aliketi kwenye godoro.

"Miezi yake ya mwisho mama alikuwa akiona wageni," alisema. "Mimi siwaoni. Aliwakaribisha, akawatembeza kwa maneno akiwa amelala, akisema: Hiki ni chumba cha wanangu. Tanki ni jipya. Dirisha lile msilifunge kwa nguvu. Nilifikiri ni ugonjwa."

Mlinzi alinigusa kiwiko. "Tutoke, mama," alisema taratibu.

Nilipiga simu, bosi akafika baada ya saa moja, na mwenye nyumba akaja kutoka Durban siku ya Jumatano. Wale ndugu wawili walikaa gerejini mchana kutwa, na walipotoka macho ya mdogo mtu yalikuwa mekundu. Alimkodia dada yake chumba Tembisa, karibu na kanisa lake. Dada aliondoka na mabegi mawili. Getini mlinzi aliandika saa aliyotoka, akapiga mstari chini yake.

Mimi nilibaki na daftari langu. Nilimuuliza bosi kama wanunuzi wanapaswa kuambiwa.

"Sheria inataja kasoro," alisema. "Nyufa, unyevu, paa linalovuja. Hili ni ufa?"

"Hapana."

"Basi andika wanachosema wateja, na andika kwamba wewe hukuona."

Nikaandika hivyo. Alisoma, akatia sahihi bila kuinua kichwa.

Waliokuja kununua walikuwa mume na mke, wote wauguzi. Niliwaambia kila kitu kabla hawajaweka sahihi. Mke alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mapazia yanabaki. Walihamia kabla ya mvua za kwanza. Sikuwahi kuwauliza neno.

Mtihani niliufanya mwaka uliofuata, kwenye ukumbi uliojaa watu wanaofunua vitabu, maana kuingia na vitabu kuliruhusiwa. Kulikuwa na swali la kasoro zilizofichika. Nilijibu kama kitabu kinavyosema, na nilifaulu. Cheti kilipotoka nilikaa ndani ya gari nikakisoma mara mbili, kisha nikampigia mama simu Kigoma.

"Sasa kazi yako hasa ni nini?" aliuliza.

"Nafungua nyumba za watu, mama, wengine waje kuziona."

"Na wenyewe wanakuwa wapi?"

"Wengine wamehama. Wengine wamefariki."

"Na unaingia peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Uwe unapiga hodi," alisema, kisha akaniuliza habari za watoto.

Napiga. Nikishafungua mlango nasimama kizingitini, naita hodi kwa sauti ya kawaida, nangoja kidogo, ndipo naingia. Wenzangu wa ofisini wanadhani ni desturi ya kwetu.