Sahihi ya Mlangoni

Kiti kilimpata baba juu ya jicho la kushoto. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijivu chenye miguu ya chuma, nilichokipanga mwenyewe asubuhi ile, na mpaka leo najiuliza: kama ningeacha nafasi kubwa zaidi kati ya safu ya mbele na meza kuu, mguu ule ungemfikia? Ungemfikia. Nimerudi ukumbini na tepu, nikapima.

Ilikuwa Jumamosi saa tisa mchana, kwenye ukumbi wa kanisa huko Small Heath, Birmingham. Sisi watu wa mashariki ya Kongo tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa jumuiya yetu, na baba alikuwa mmoja wa wagombea wawili. Aliyerusha kiti ni fundi wa nguo wa Alum Rock, mwanamume mpole ambaye kila Jumapili hutupigia ngoma ibadani. Mkono mmoja ulirusha kiti, mwingine ulikuwa umekunja kipeperushi cha baba. Kipeperushi hicho nilikiandika mimi.

Baba alikuwa mhandisi wa madaraja. Kazi ya kwanza anayoikumbuka ni waya wa chuma uliokatika ukiwa umevutwa, ukamkata msaidizi wake mkono palepale, mkono ukaanguka mtoni ukiwa bado na glavu. Baba alimfunga kwa mkanda wake wa suruali, akambeba mpaka barabarani. Siku ile, anasema, alielewa kwamba chuma hakimchukii mtu wala kumpenda, kinafuata hesabu tu. Watu wa huko walimwita Enjenia. Alipojenga madaraja ya kutosha walimsukuma agombee, akawa mbunge wa jimbo, wakaanza kumwita Onorabo, yaani Mheshimiwa.

Katika wiki zake za mwanzo bungeni, wabunge wawili walivunjana vichwa kwa viti. Baba akasimama, akapendekeza viti vyote vikazwe sakafuni kwa bolti. Pendekezo lilipita bila mpinzani.

"Huo ndio mchango wangu mkubwa kwa siasa, mama," huniambia. "Bolti." Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Hapa Birmingham anaendesha foklifti kwenye ghala. Beji yake ina namba. Kijana anayemsimamia humwita "mate", yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, kama anavyowaita wote, na baba humwitikia bila kugeuka. Kwa hiyo jumuiya ilipohitaji mwenyekiti, niliona uso wake ukibadilika. Alinunua tai. Nikajua anataka kuitwa kitu tena kabla hajazeeka, na anakitaka kwa namna iliyoniogopesha.

Mimi nimemaliza chuo mwaka jana, sina kazi, na barua pepe ya mistari mitatu hunichukua saa mbili. Kipeperushi kilinichukua siku tisa. Niliandika, nikafuta. Nilitaka sentensi moja isiyopingika, basi nikafungua faili lake la bluu, lile alilolibeba kutoka kambi moja ya wakimbizi hadi nyingine akiwa amelifunga kwenye nailoni mbilimbili. Ndani mlikuwa na nakala za karatasi za mahudhurio ya bunge. Nilizipitia moja moja. Kila karatasi ilikuwa na sahihi yake, ile yenye mkia mrefu. Nikaandika: Katika miaka yake yote bungeni hakukosa kikao hata kimoja. Nikakipiga picha, nikamtumia kazini. Alinijibu kwa alama ya dole gumba.

Sasa, ukumbini, yule fundi alisimama wakati wa maswali.

"Onorabo, hapa banaandika kama hukukosa kikao hata kimoja. Ni kweli?"

"Uliza swali, Papa, usipige ngoma!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

"Njo hilo swali langu. Ni kweli?"

Baba alirekebisha tai. "Karatasi zinasema hivyo."

"Basi ile siku ya kupitisha amri ya kuvunja manyumba ya kando ya barabara, ulikuwa ndani. Uliinua mkono?"

Baba akarekebisha tai tena. Nilidhani anatafuta maneno. Amri ile naijua, kila mtu wetu anaijua: barabara ipanuliwe, nyumba za kandokando zibomolewe. Askari walikuja alfajiri na tingatinga. Hawakugonga milango.

"Jibu, Onorabo. Mama ya batoto wangu alikuwa ndani ya nyumba. Ukuta ulimuangukia. Nilimtoa kwa mikono hii, vipande. Uliinua mkono ao hukuinua?"

"Ndugu yangu," baba akaanza.

Hapo ndipo kiti kilipoondoka. Baba alianguka chali, na fundi akaruka juu ya meza, chupa za maji zikamwagika. Alikiokota kiti kilekile akampiga nacho begani, mbavuni, kichwani. Nilisikia sauti ya mfupa, kavu, kama mtu anavunja penseli. Wanaume walikuwa wanavutana mashati badala ya kuwavuta hao wawili. Mama mmoja alikuwa anaimba zaburi kwa sauti ya juu kana kwamba angeweza kufunika kelele. Na baba hakuinua mikono. Mtu yeyote hujikinga uso, hata mtoto mchanga. Yeye aliiweka mikono ubavuni, akapokea.

Mimi ambaye hufikiri mara kumi kabla ya kumpigia daktari wa meno simu, sikufikiri. Nilimrukia fundi, nikamng'ata mkono juu kidogo ya kiwiko, kupitia shati, mpaka nikaonja damu. Alipiga yowe akaachia kiti. Alinitazama kwa mshangao, karibu kwa aibu.

"Mtoto wangu," akasema, "unaning'ata?"

Hospitali tulisubiri saa tano. Mimi ndiye niliyemtafsiria baba, ingawa Kiingereza anakijua, anapoumwa hukiacha.

"Nani amekufanya hivi?" daktari akauliza.

"Kiti," baba akasema.

"Nani alikishika?"

"Mwambie kiti tu, mama."

Wakamshona nyuzi kumi na moja. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika, na ilibidi wamkate tai kwa mkasi kwa sababu fundo lilikuwa limekaza kwa damu.

Kesho yake, nyumbani kwetu Hodge Hill, mama yangu alikuwa kanisani akitutetea. Nikachukua faili la bluu nikaketi jikoni. Nilitaka kuona karatasi ya siku ya amri ile. Sahihi ya baba ilikuwapo, ya mwisho kabisa, imeandikwa kwa haraka. Chini yake karani alikuwa ameandika akidi, yaani idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa ili kikao kiwe halali. Nikaanza kuhesabu sahihi kwa ncha ya kijiko.

"Usihesabu, mama." Baba alikuwa mlangoni, ameshika mbavu. "Nilishahesabu."

Akaketi polepole. Akaniambia kwamba bungeni walitia sahihi mlangoni asubuhi, kabla ya kikao. Baada ya miezi michache akawa na tabia yake: anasaini, anatoka kwa mlango wa nyuma, anakwenda kwenye madaraja yake. Maneno yanaweza kusubiri, alijiambia, boriti haiwezi. Asubuhi ile alikuwa amekuja na michoro ya kuonyesha kwamba barabara inaweza kupita upande wa pili bila kugusa nyumba hata moja. Akapigiwa simu: mvua imeufukua msingi wa daraja, na malori yanapita. Akasaini, akaondoka mbio na michoro kwapani. Alidhani wangejadili mpaka kesho yake. Walipiga kura kabla ya saa sita.

"Lakini hukuwamo," nikasema. "Kwa nini hukumwambia? Hukuinua mkono!"

"Hesabu basi."

Nikahesabu. Nikarudia, kwa sababu mimi hurudia kila kitu. Akidi ilikuwa imetimia kwa mtu mmoja. Bila sahihi yake kikao kingevunjika, wabunge wangerudi majumbani, na kesho yake angefika na michoro yake.

"Baada ya kura ningeweza kuikana sahihi ile, lakini ningezikana zote," akasema. "Nikanyamaza. Tingatinga zikaja baada ya siku nne."

Nilikuwa nimelichukulia faili lile kama sifa. Yeye alilibeba kambi zote hizo kama mtu anayebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe.

"Kipeperushi ulikisoma? Kabla sijakichapisha?"

Alitazama dirishani. "Nilikisoma. Nilipenda jinsi kilivyoonekana."

Jumanne tulikwenda Alum Rock. Fundi anafanyia kazi chumba cha juu ya duka la vitambaa. Alipofungua mlango niliona bendeji mkononi mwake, na nikaona kwamba ameiona aibu yangu. Baba hakusalimia. Alimpa ile karatasi ya mahudhurio, akamweleza yote akiwa amesimama, kama alivyonieleza mimi. Fundi akahesabu kwa kidole, mdomo ukicheza. Alipofika mwisho akainua macho.

"Kwa hiyo hukuwa ndani."

"Sikuwa ndani."

"Na bila hii..." Akagusa sahihi.

"Bila hiyo wangeenda nyumbani."

Sikuona mkono ukienda. Niliona baba amebanwa ukutani kwa koo, vibweta vya vifungo vikimwagika sakafuni, na mkasi mkubwa wa fundi umefunguka karibu na shavu lake. Nyuzi mbili zilifumuka, damu ikashuka mpaka kwenye kola. "Kwa simu ya daraja?" fundi alikuwa anasema, mate yakimruka. "Kwa daraja? Nilifikiri ulimchukia. Nilifikiri mlituchukia!" Safari hii sikumng'ata. Nilisimama nikihesabu pumzi za baba, na sitajua kamwe kama ule ulikuwa ujasiri au woga.

Akamwachia. Akarudi mezani akihema, akaitandaza karatasi, akaipitishia mkasi kwa utaratibu kama anakata tundu la kifungo. Sahihi ikatoka, kipande kidogo cha mraba. Akamtilia baba mkononi.

"Jumamosi," akasema. "Utasema mbele ya batu bote. Weye mwenyewe. Si mutoto wako wa kuandika."

"Jumamosi," baba akajibu.

Jumamosi nikafika mapema, nikapanga tena viti. Niliacha nafasi ya hatua sita mbele ya meza kuu, nikaipima kwa tepu. Baba akaingia bila tai, uso umevimba, akaitazama nafasi ile. Kisha, mbavu zikimuuma, akaanza kuvivuta viti kimoja kimoja, akaileta safu ya kwanza karibu kabisa na meza, mahali ambapo mtu angeweza kumfikia bila kunyanyuka. Ukumbi ulipojaa, katika kiti cha katikati akaketi fundi. Baba akafungua kiganja, akaweka kile kipande cha karatasi mezani, akaanza kusema.