Mama Phanuel na Busaa ya Fahali

Rosebella hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Mimi Musimbi, jirani yake, ni shahidi, maana hata uji ukichacha kidogo alikuwa anaumwaga na kuomba toba. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akampa kifungua mimba anayeamka na chang'aa. Baba watoto alishakufa, na kila mtu hapa Malinya alikuwa na ushauri wake juu ya Phanuel, wote wa bure na wote wa upuzi.

Mwaka huo wa tisini na sita mikono ya Phanuel ilianza kutetemeka hata kushika kikombe cha chai hawezi. Rosebella akaniambia, "Mama Mark, huyu nitamzika mimi." Nikamwambia aache maneno ya matanga, tutafute matibabu.

Tukatafuta. Kulikuwa na nyumba ya kutibu walevi huko Nairobi. Tulipiga simu pale posta, wakatutajia bei, na hata tungeuza shamba pamoja na sisi wenyewe isingetosha. Nabii mmoja wa Malava alitaka kondoo mweupe. Kondoo akaliwa, Phanuel akarudi nyumbani amelewa, na nabii akasema imani yetu ni haba. Nilimjibu vibaya na ningemjibu hivyo hata leo.

Mwishowe mama mmoja anayeuza mboga za murere sokoni akatuelekeza kwenye zahanati ya misheni huko nyuma ya Shirere, kwa muuguzi anayeitwa Sista Gentrix. Huyo alimkagua Phanuel, akasema kuacha ghafla nyumbani kunaweza kumuua. Alale pale kwanza, apewe dawa na chakula. Akitoka, awe anakuja kila Jumanne kukaa na wenzake waliokuwa walevi, na lazima aje na mtu wa nyumbani. Rosebella akauliza bei huku ameshikilia kiti. Sista akaonyesha dirishani. "Mnaona hilo shamba la sukuma wiki? Ndilo linalisha wagonjwa. Hapa wasio na pesa hulipa kwa jembe."

Tulilima. Nililima sukuma ya watu mpaka mgongo ukanitukana, lakini kijana akatoka pale anakula obusuma, ugali wetu, wa watu wawili na kucheka na wadogo zake.

Hapo ndipo tulijiona werevu. Tukazunguka nyumba zote zinazopika pombe, tukawaomba wasimuuzie. Kisha, ili asikae bure, mama yake akamrudisha kwenye kazi aliyoipenda, kumtunza fahali wa baba yake mdogo, Shikanga. Fahali huyo wa kupigana aliitwa Tyson, na hakukubali kulishwa na mkono mwingine ila wa Phanuel. Tukashukuru Mungu. Na sisi ni watu wa Malinya, jamani, tumezaliwa kando ya uwanja wa mafahali. Tulisahau vipi kwamba fahali akikaribia kupigana anapewa pombe ya busaa? Tena anayemlisha lazima aionje kwanza mbele za watu, wasije wakasema imetiwa sumu. Mtoto mdogo anajua hivyo. Akili zetu zilikuwa zimeenda likizo.

Phanuel mwenyewe ndiye alikuja kutuambia, siku chache kabla ya pambano. Alikaa kwenye stuli bila kuvua gambuti. "Mama, leo jioni naanza kuonja. Naogopa."

Rosebella aliweka beseni chini akaenda kwa shemeji yake, nami nyuma.

"Shemeji, ni kionjo tu," Shikanga alisema. "Si anaonjanga kila mwaka?"

"Na kila mwaka haachi. Tafuta mwingine aonje."

"Anayelisha ndiye anaonja. Ama mtu wa damu yake."

"Basi mimi nimemzaa. Lete hiyo kata."

Wanaume waliokuwa zizini wakacheka. Rosebella akafunga macho, akaomba kama anayeombea chakula, akainua kata. Mwenzangu hakujua kuonja ni kunywa funda moja. Aliinywa yote, mpaka machicha. Kesho yake asubuhi akainywa tena yote, na jioni tena, na hiyo ya jioni ilipokolea akaanza kumwimbia Tyson wimbo wa kanisani, amemshika pembe.

Phanuel alimtazama kidogo tu. Akachukua chungu kizima akakimwaga nyasini. "Baba Mdogo, Tyson atapigana na nyasi tu tumboni. Ukikataa, mtafutie mtu mwingine."

Mwingine hakuwepo.

Jumamosi ngoma za isukuti zikalia, uwanja ukajaa. Tyson alimwangalia mwenzake, akageuka, akapita katikati ya watu akaingia shamba la ndizi la mwalimu mkuu. Nilicheka nikashikilia mbavu. Shikanga hakutusalimia mpaka Krismasi. Papo hapo uwanjani marafiki zake walimpeleka kumpoza kwa kikombe cha busaa, wakamwita na Phanuel. Kicheko kikaniishia. Rosebella alinifinya mkono mpaka ukauma. Phanuel akawaambia anaenda kumfuata fahali, na tulikaa pale tukingoja hadi tukamwona anarudi na kamba mkononi, anatembea wima.

Jumanne tukaenda zahanati. Sista Gentrix aliwauliza swali ambalo huwauliza kila wiki. "Nani amekunywa tangu tulipoachana? Hapa hatumchapi mtu."

Walevi wa zamani wakatazamana. Phanuel alikaa tu, mikono magotini, imetulia. Kando yangu nikasikia kiti kinasogea. Rosebella alikuwa amesimama, na kitambaa chake cha akina mama wa kanisa kichwani.

"Ni mimi, Sista. Kata tatu."

Watu walicheka mpaka wa nje wakachungulia. Phanuel alicheka kuwazidi, halafu nikaona yale machozi si ya kicheko tena. Alisimama akamshika mama yake bega.

"Sista, huyu ni wangu," alisema. "Mimi ndiye mtu wake wa nyumbani."