Mbishi wa Chumba cha Prufu

Mjomba wangu alikuwa msoma prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha kuchapa vitabu, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika chumba cha pili. Kazi yake ilihitaji watu wawili: mwenzake alisoma kwa sauti, yeye akifuata kwa kalamu nyekundu. Mwenzake huyo alitamka kila alama, "mkato, nukta, funga mabano," mpaka tukambandika jina la Mzee Nukta.

Walipendana, ila neno moja la Kiingereza liliwakosanisha: "presently". Mzee Nukta alishikilia kwamba maana yake ni "muda si mrefu", jambo halijafika bado. Mjomba alisema siku hizi watu wanaliandika kwa maana ya "sasa", na hakuna polisi wa maneno. Kila lilipotumika hivyo, Mzee Nukta aligonga meza kwa kidole na hakuendelea mpaka wabishane. Wakati wa chai walininunia mimi, utadhani nililitunga mimi.

Mzee Nukta akafariki. Mjomba akaendelea peke yake, akisoma kwa sauti na kusahihisha. Mchana mmoja nilimpelekea kurasa, nikamkuta anafika kwenye neno lile. Meza ikagongwa. Mkono wake mmoja ulikuwa na kalamu, mwingine umeshika karatasi.

"Umesikia?" akaniuliza, huku anacheka. "Mbishi hata kaburini!"

"Mjomba, hilo si la kuchekea! Mpe ushindi wake aende zake."

"Nimpe? Baada ya miaka yote hii?"

Sikumwacha. Alikuwa anakonda, hali chakula cha mchana, anabishana na kiti kitupu, nami niliogopa kwamba atamfuata mwenzake. Mwishowe akakubali shingo upande. Alilikata neno, akaandika jingine juu yake, akasema taratibu, "Haya bwana, umeshinda. Pumzika."

Chumba kikatulia. Nilishukuru, nikarudi kwenye kazi yangu.

Kesho yake nikamsikia anasoma. Alifika kwenye neno, akanyamaza. Akalirudia, akanyamaza tena. Nilipochungulia, nikakuta amelirudisha "presently" kwenye ukurasa kwa maana ileile iliyokataliwa, na sikio amelilaza juu ya meza.

"Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "hebu toka nje kidogo. Labda anakuonea haya wewe."

Nilitoka, nikasimama koridoni, nikaomba kwa moyo wangu wote meza igongwe.