Kipande cha Pili

Mshona mapazia ndiye aliyemfundisha wifi yake kuzunguka madukani kila Jumamosi wakionja vya bure: jibini duka la kona, juisi ghorofani, soseji karibu na stendi. Yeye huonja kimya, akameza, akaenda zake. Wifi mdomo wake hauna breki. Akitia kipande tu, anafumba macho na kumshika mkono mpita njia: “Dada, hebu onja hii.” Watu wanajaa, wananunua, na binti anayegawa vionjo kwa sahani anamwongezea wifi cha pili, hata cha tatu. Mshona mapazia akipeleka mkono tena anaambiwa, “Mama, ulishachukua.”

Roho ya kwa nini ilimkaba hadi soseji zikawa hazishuki. Nani alimwonyesha nani haya maduka?

Jumamosi moja wifi akaaga kwamba ana shughuli. Mshona mapazia akatoka peke yake, roho kwatu. Kwenye soseji, macho yakiwa sahanini tu, akachukua kipande, akameza, akanyoosha mkono tena.

Sahani ikasogezwa nyuma. Akainua macho. Wifi, ndani ya aproni mpya ya duka, alimtazama kwa huruma.

“Wifi yangu,” alisema taratibu, “ulishachukua.”