Kijito Kilichopona

Nimesifiwa na mtu mmoja tu maishani, na sifa hiyo niliipata kwa sababu ya vidudu. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mtu mwema.

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya mazingira hapa Kalemie. Kazi yangu ya kumalizia ilikuwa kupima afya ya kijito kinachoshuka kutoka vilimani, kikapita nyuma ya mtaa wetu na kuingia ziwani. Upimaji wenyewe hauhitaji mashine. Unasimama majini na kipande cha chandarua kilichofungwa kwenye miti miwili, unakoroga mawe kwa miguu, kisha unahesabu kilichonaswa. Kuna vidudu vyenye mikia mitatu ambavyo havivumilii uchafu. Ukiviona, maji ni mazima. Ukipata minyoo myekundu mitupu, kijito kinakufa.

Juu, karibu na vilima, mikia mitatu ilijaa chandaruani. Chini ya mtaa nilipata minyoo. Katikati palikuwa na madimbwi ambamo akina mama waliloweka mihogo michungu siku nne, hata tano, mpaka ilainike na sumu yake iondoke na maji. Maji yanayotoka hapo yananuka, na vidudu haviyawezi. Dimbwi kubwa kuliko yote lilikuwa la mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Alikuwa na ulimi mkali, nami niliurithi. Siku aliponikuta nimeinama majini alisimama na beseni kichwani, binti yake mdogo nyuma yake, akacheka mpaka wenzake wakageuka.

"Njo masomo gani hii? Miaka yote tunakulisha, kumbe ulienda kujifunza kuhesabu vidudu?"

"Mama mukubwa, hii mihogo yenu njo inaua muto."

"Muto unakulaka bukari? Sisi njo tunakulaka!"

Bukari ndio ugali wetu wa mihogo. Wote wakacheka. Nilichukia. Ningecheka nao yakaisha, lakini nilikuwa nimeshaanza kujiona msomi, na msomi akichekwa na wanawake wenye matope hadi magotini hulipiza kwa maandishi. Nikaandika kwamba kuloweka mihogo kijitoni kukatazwe, kila mtu aloweke kwake, kwenye pipa. Nilijua kwamba maji ya nyumbani hubebwa kwa bido, yaani madumu, kutoka bombani, na kwamba hakuna mwanamke mtaani kwetu mwenye maji ya kubadilisha pipani siku nne mfululizo. Nilijua vizuri kabisa. Mwalimu wangu, ambaye mwaka mzima aliniita mtoto wa matope mbele ya wenzangu, alipiga mstari chini ya sentensi ile akasema sasa naanza kufikiri. Furaha niliyoipata siku hiyo naionea haya mpaka leo.

Chefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alikuwapo nilipotetea kazi yangu. Wiki haikupita, akaleta watu wakafukia madimbwi na kumwaga mihogo iliyokuwamo. Akina mama walisema shukrani ya punda ni mateke, wakitazama upande wangu. Nilingoja mama mkubwa anitukane, nikangoja sana. Alipita mbele yangu na beseni tupu akanisalimia, "Jambo, Papa," kwa heshima ya mbali, kama anavyowasalimia watu wa biro, wale wa ofisini.

Kiangazi kikaingia. Ziwa likafungwa kwa wavuvi, kama linavyofungwa siku hizi, na dagaa wakaadimika. Watu wakala ugali kwa majani tu, na ugali wenyewe ni wa mihogo iliyolala pipani siku moja, ikizidi sana mbili. Wakubwa walilalamika kizunguzungu. Binti wa mama mkubwa, mtoto wa miaka tisa, aliamka asubuhi moja akashindwa kusimama. Muuguzi alisema ni sumu ya mihogo, inayomshika zaidi asiyepata dagaa, na kwamba miguu ile haitanyooka tena.

Mwaka uliofuata mwalimu alinirudisha kijitoni kuhesabu upya. Mikia mitatu ilikuwa imeshuka mpaka chini ya mtaa. Nilipata hata kaa wadogo. Mwalimu alinishika mkono mbele ya wageni waliokuja kutazama, akawaambia kijito kimepona na aliyekiponya ni mimi. Nilitabasamu. Sina la kujitetea, nilitabasamu.

Wageni walipoondoka nilibaki ukingoni navaa viatu, mama mkubwa akaniita. Nyumba yake iko hatua chache tu kutoka pale. Binti alikuja kunisalimia akiegemea fimbo mbili, anakanyaga kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Aliniuliza kama ni kweli kaa wamerudi. Nikamwambia wamerudi. Akafurahi, na mimi nikatamani angenitemea mate.

Mama mkubwa akaweka sahani ya ugali juu ya stuli.

"Kula, Papa. Umechoka na kazi ya muto."

Uchungu wa mihogo isiyolowekwa vya kutosha niliujua kwa harufu.

"Nimeshiba, mama mukubwa," nikasema.

Akaisogeza sahani mbele ya binti yake, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu kingine cha kula, naye binti akanawa mikono, akaanza kumega.