Kidole Gumba Kwenye Mto wa Lulu

Kwa miaka mingi mkuu wangu wa zamani amesimulia, harusini, matangani na hata katika sherehe ya utambulisho wa binti yangu kwa wakwe, kwamba tulipofika Guangzhou, nchini China, niliogopa maji, nikakataa kupanda meli ya watalii, nikabaki gatini nikilia huku wenzangu wakitalii mto. Ninaandika haya ili kumbukumbu zikae sawa. Nilipanda. Aliyelia ni yeye.

Nilikuwa afisa masijala, mtunza majalada ya ofisi. Tulikwenda China tukiwa ujumbe wa watu watano, na siku ya mwisho wenyeji wetu wakatualika kutembezwa kwa meli katika Mto wa Lulu, unaokatiza katikati ya mji. Kamera ilikuwa mali ya ofisi na mimi ndiye niliyeitilia saini, kwa hiyo mpiga picha nilikuwa mimi. Asubuhi hiyo mkuu aliniagiza mbele ya wote: "Piga kila tukio, Karani. Usiruke hata moja." Agizo hilo nililitekeleza neno kwa neno.

Meli ilikuwa na sitaha tatu. Ya juu ilikuwa wazi, na watalii walikuwa wamekwisha kuinua simu zao juu ya vijiti, msitu mzima wa vijiti. Kabla hatujaondoka mkuu alisimama omoni, mbele kabisa ya meli, akatandaza mikono, nyuma yake mnara mrefu uliobanwa kiuno kama mwanamke aliyejifunga leso. Nikampiga picha. Ndiyo ile aliyoitundika sebuleni kwake, na kila mgeni huambiwa kwamba alisimama hivyo safari nzima.

Kamba ilipofunguliwa na meli ikayumba kidogo, alinishika bega. Ilipoyumba mara ya pili alishuka hadi ukumbi wa chini wenye kuta za vioo, akaomba kwa ishara jaketi la kuokolea maisha, akalivaa juu ya suti, akaushika mguu wa meza. Nilimfuata, maana ndiye aliyekuwa tukio.

"Karani, nchi kavu iko mbali?"

"Hatua mia hivi, Mkubwa."

"Mia zako ama mia za kweli?"

Machozi yakamtoka. Sisemi hivi kwa kumzidishia. Nje taa za madaraja zilikuwa zikiwaka moja baada ya nyingine, kijani, kisha zambarau, na maji yakizipokea. Nilipanda juu nikapiga picha hizo, nikashuka nikampiga yeye, nikapanda tena. Sijapata kuona mji ukijipamba namna ile, na ninamshukuru Mungu kwamba niliuona kwa macho yangu.

Tulipotia nanga alirudiwa na sauti yake, akaninyang'anya kamera akaanza kuzikagua picha.

"Hiki nini? Kidole chako kiko kila mahali, kama serikali! Futa zote zenye kidole."

"Nimesikia, Mkubwa," nilimjibu. Sikusema nimefuta.

Kweli nilikuwa nimeharibu. Kamera ilikuwa ndogo, mkono wangu mkubwa, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimeingia kwenye pembe ya picha karibu zote. Ukucha wake umepasuka katikati kwa urefu. Droo ya kabati la chuma iliubana nilipokuwa ningali mgeni kazini, na haukupona tena. Lakini masijala ina sheria yake: kumbukumbu haiharibiwi ila kwa agizo la maandishi, lenye sababu na saini. Mimi sikupewa karatasi. Kabla ya kuirudisha kamera ghalani nilinakili picha zote, nzuri na mbovu, kwa mpangilio wake.

Kisa cha gatini kilianza mwezi uleule tuliorudi. Nilinyamaza kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiandika taarifa ya utendaji wangu. Tulipostaafu nilidhani kitastaafu nacho. Wenzetu wawili katika ule ujumbe wamefariki, wa tatu anaishi ng'ambo, na mashahidi walivyopungua ndivyo machozi yangu katika kisa chake yalivyozidi kuwa mengi. Katika utambulisho wa binti yangu alisimama, mgeni wa heshima, akawachekesha wakwe. Tulipofika nyumbani, mtaani kwetu Kisugu, mke wangu alikuwa akikunja gomesi yake, gauni refu la sherehe. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mume wangu, kama ulipanda, picha yako iko wapi?"

Sikuwa na picha hata moja. Neno hilo lilinichoma kuliko kicheko cha wakwe. Nilimfungulia zile za meli kwenye kompyuta, na yeye ndiye aliyeweka kidole chake juu ya changu pichani.

"Na huyu si wewe?"

Tangu siku hiyo nilijua kwamba nitalipiza. Sikujua lini.

Mwaka huu binti wa mkuu alinipigia. Baba yake alikuwa akitimiza miaka sabini na mitano. "Mzee, Baba anasema wewe hutupi hata bahasha. Tunaomba picha za China." Nikamwomba aniandikie. Akaniandikia kwenye simu: picha zote, tafadhali. Nikaziweka kwenye flashi, kila moja ikiwa na maelezo yake chini, nikampelekea mkononi.

Sherehe ilifanyika mchana, katika ukumbi mmoja mtaa wa Kabalagala. Mkuu alikieleza kisa chake kwa ukamilifu, kisha akaninyooshea mkono. "Yule pale! Mwulizeni mto wa China una upana gani. Hajui!" Watu wakacheka. Nilikunja kitambaa changu cha mezani. Projekta ikawashwa.

Ya kwanza ilikuwa yeye akiwa omoni, picha nzima ambayo haijakatwa pembeni. Polisi mstaafu aliyekuwa mlinzi wa lango la ofisi yetu, aliyeketi jirani nami, akauliza kwa sauti ya gwaride, "Mbona meli imefungwa kama mbuzi?" Kamba ilionekana wazi, nene kama mkono, imezungushwa kwenye nguzo ya gati.

Kisha ikatokea ya tisa. Jaketi la rangi ya machungwa, meza iliyokumbatiwa, mashavu yamelowa. Nyuma ya kioo maji na mnara. Pembeni kidole changu, kikubwa kama mkate, na ukucha wake uliopasuka. Chini niliandika: Mkuu wa ujumbe, katikati ya mto. Mpiga picha: afisa masijala.

"Hiyo kidole mimi najua!" Polisi alisimama. "Ilipiga muhuri kwa barua yangu ya likizo! Afande Karani, kumbe ulikuwa ndani!"

"Kumbe alipanda," mke wangu akasema kwa sauti ya kusikika hadi meza ya wakwe zetu, ambao nao walikuwa wamealikwa, kana kwamba ndiyo kwanza anajua.

Binti alikimbilia mashine, lakini zilipita mbili zaidi. Ukumbi ulikuwa umevunjika mbavu. Mimi sikucheka. Nilivuta sahani yangu nikala, na sijapata kula pilau tamu kama ile.

Siku tatu baadaye alikuja kwangu peke yake.

"Ulinivizia, Karani."

"Niliombwa kwa maandishi, Mkubwa."

"Zifute."

Nilimkaribisha kiti, nikamwekea chai, karatasi na kalamu. Nikamweleza anachotakiwa kuandika: kinachoharibiwa, sababu ya kukiharibu, saini. Aliandika tarehe. Aliandika "picha za meli". Alipofika kwenye sababu kalamu ilisimama, na mimi nikaitazama inavyosimama. Akisema kweli, atakuwa amekiri kwa mkono wake. Akisema uongo, atautilia saini mbele ya mtu aliyekuwapo.

Alimaliza chai, akaondoka bila kuaga. Karatasi ile nimeiweka kwenye jalada pamoja na picha zote. Nafasi ya sababu bado iko wazi, na nimemtumia ujumbe kwamba anaweza kuja kuijaza siku yoyote, saa za kazi.