Kompyuta Iliyoamini Salamu

Ruqiya, muuguzi wa Garissa, alitengeneza programu ya kompyuta inayowasikiliza wagonjwa kwa Kisomali na kuwatanguliza walio mahututi. Wiki moja kabla ya kongamano la watafiti Nairobi, ambako angeomba ufadhili wa utafiti, aliijaribu kwa Mama Arbia wa Eldas, aliyekuwa akitetemeka kwa homa. Kompyuta ikaandika: mzima.

“Eddo,” Ruqiya akamwita kwa heshima, kama shangazi, “umeiambia nini?”

“Imeniuliza hali, nikasema alhamdulillah, mzima kabisa. Kwani nianze kulalamika kabla ya kumshukuru Mungu? Mashine yako haina adabu?”

Ruqiya akacheka, kisha akaingiwa na hofu. Kwetu kila mgonjwa huanza hivyo, na kompyuta ilikuwa ikiishia hapo, kabla ya kusikia ugonjwa wenyewe. Yeye mwenyewe alimpeleka Mama Arbia kwa daktari.

Angeweza kuficha kasoro ile. Wengi huficha, na hiyo ni dhulma kwa wagonjwa. Yeye alisimama kongamanoni akaeleza yote, akijua huenda akakosa ufadhili. Jopo la wafadhili likampa ufadhili wa mwaka mzima aifundishe kompyuta kusikiliza hadi mwisho. Mama Arbia alipona. Tunashukuru kupata binti aliyeogopa zaidi kumdhuru mgonjwa kuliko kukosa ufadhili.